Re: Dogo anakomaa kwamba Gagarin ndo alikanyaga mwezi

Habari mkuu, kumbe umekwama na dogo wa darasa la tano anayesema Gagarin, yule mwanaanga wa Kisovieti, ndo wa kwanza kukanyaga mwezi. Cheki daftari lake kwanza, kaandika "angani" au "mwezini"? Wangu hapa Ujiji alichanganya hapo hapo. Gagarin 1961 alikuwa wa kwanza kufika angani ila alizunguka dunia tu, waliotua mwezini ni Wamarekani Armstrong na Aldrin Julai 1969, mwenzao Collins akabaki juu na chombo (wangu alimwonea huruma huyo hadi kero). Mi niliweka chungwa mezani ndo dunia, gololi ndo mwezi, hatua tatu kule mlangoni, nikamwambia Gagarin alipita hapa karibu kabisa na ganda la chungwa, akaelewa fasta. Waliotembea mwezini wote ni 12, wa mwisho Desemba 1972.