Mtoto aende chuo, ila tupige hesabu yote

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama shahada ya chuo kikuu bado ina thamani ukilinganisha na gharama yake. Mimi ni mwalimu wa kidato cha tano na sita huku Rungwe, nilisoma kwa mkopo wa serikali, na wazazi huniuliza jambo hilohilo kila mwaka matokeo yanapotoka. Huwa nawajibu kwamba mtoto aende. Halafu nawaomba tukae tupige hesabu, maana hesabu wanayokuja nayo huwa pungufu.

Wengi wanahesabu ada tu. Katika vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania, ada ya kozi nyingi ni shilingi milioni moja na kitu kwa mwaka, na mwanafunzi akipata mkopo asilimia 100, mzazi haigusi. Bumu, ile fedha ya chakula na malazi, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukiishia hapo utasema chuo ni nafuu. Kinachoumiza familia kiko kabla ya bumu ya kwanza kuingia, na kingine kinakuja baada ya joho kuvuliwa.

Nianze na huko kabla. Mwombaji wa mkopo analipia 30,000 ya maombi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Fomu zinahitaji saini na mihuri ya serikali ya kijiji, kisha ya hakimu au wakili. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), mwenye akili sana. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Alifia nyumbani, akazikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na siku ile nani angewaza cheti? Miaka ikapita, binti akafaulu, ndipo ikahitajika karatasi ya kuthibitisha kwamba baba hayupo. Mama akaanza safari: kwa mtendaji, wilayani, kurudi kijijini kutafuta mashahidi, tena wilayani. Hapo ikagundulika kwamba jina la marehemu kwenye cheti cha mtoto limeandikwa kwa L, na kwenye karatasi nyingine zote ni R. Kila safari ni nauli, na ni siku ya kibarua iliyopotea.

Mkopo ulipatikana, lakini katika awamu za mwisho, na chuo kilikuwa kimeshafunguliwa. Mama akauza mahindi ya chakula mwezi Novemba. Anayeishi huku anajua maana yake: ni msimu wa kupanda, mavuno yako mbali, na mahindi yaliyobaki ghalani ndiyo yanayowavusha wadogo. Gunia lile haliandikwi kwenye jedwali lolote la gharama za elimu ya juu. Mimi naliweka mstari wa kwanza.

Tuje huko baada. Mapema mwaka 2025, kwa nafasi 14,648 za ualimu serikalini, waombaji walizidi 200,000. Wengi wao walikuwa wamekaa na vyeti vyao miaka, wengine wakifundisha kwa kujitolea na kulipwa kwa michango ya wazazi. Katika miaka hiyo mhitimu anaendelea kula kwa mama yake, huku kijiji kizima kikiamini kwamba tayari ni mtu wa mshahara. Aibu hiyo nimeiona ikiwafanya vijana wazuri waache kurudi nyumbani hata Krismasi.

Akiajiriwa, makato yanaanza. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi badala ya 8 ya zamani. Mwaka 2021 Rais Samia aliiondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lisiishe, na kwa hilo walimu wengi tulipumua. Asilimia 15 imebaki palepale. Kwa mwalimu mpya mwenye laki saba, ni laki moja na elfu tano kila mwezi.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda kuleta kingine kutoka mbali. Aliamini hivyo kwa dhati: mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), aliwarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakati ule serikali ndiyo iliyolipia masomo, na deni la msomi lilikuwa kwa wananchi. Siku hizi madeni ni mawili. Bodi inadai fedha yake, na ni haki, kwa kuwa inamkopesha mwingine anayefuata. Nyumbani nako kuna mdogo wa kidato cha tatu anayesubiri, na yule mama aliyeuza mahindi. Yote yanatoka kwenye mshahara mmoja. Ndiyo maana naomba wabunge waitazame upya asilimia 15: anayeanza kazi akatwe kidogo, makato yapande kadiri mshahara unavyopanda. Deni litalipwa, na mdogo naye atasoma.

Kuna wanaosema fulani hakukanyaga chuo na ana maduka mawili Kariakoo. Sibishi, wapo na nawaheshimu. Ila wale ninaowajua mimi wamewapeleka watoto wao wote chuo kikuu, na hawaulizi kama inalipa. Wanaoambiwa shahada haina maana ni watoto wa wakulima. Hilo linaniudhi, kwa sababu kwetu shahada moja nimeona inavyobadilisha ukoo: binti yule sasa ni afisa maendeleo ya jamii, na mdogo wake wa mwisho amemaliza kidato cha sita, fomu zake za mkopo zilisainiwa mapema bila mtu kuhangaika.

Kwa mzazi mwenye mtoto kidato cha tano: chukua leo cheti chake cha kuzaliwa ukilinganishe herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho chako cha NIDA. Kama mzazi mmoja amefariki na hakuna cheti cha kifo, anza kukifuatilia sasa, wakati mashahidi wa msiba bado wapo hai na dirisha la maombi halijafunguliwa.

Mwalimu wa sekondari,
Rungwe, Mbeya