Kabla hujaandika "draconian" kwenye ripoti

Niliwahi kuandikia shirika moja hapa Bukavu ripoti ya Kiingereza. Nilitaka kuwasifu: pale biro, hata dola tano haitoki kwenye kasha bila sahihi tatu na fakture. Basi nikaandika kwamba kanuni zao dhidi ya wizi ni "draconian". Mfadhili akajibu kwa mstari mmoja: "Wafanyakazi mnawafanyia nini?" Shefu akaniita, akageuza karatasi upande wangu, akaweka kidole juu ya lile neno bila kusema kitu.

Kilichoniponza ni Kifaransa. Sisi tuliosomea Kifaransa tunalisikia "draconien" kila mahali. Hata daktari akikukataza chumvi na mafuta, utawaambia watu uko kwenye "régime draconien", nao watakupongeza. Kwa Kiingereza neno hilo ni lawama. Anayelitumia anasema ukali umepita kosa lenyewe.

Na lina haki ya kuwa lawama. Limetokana na Drakoni, aliyewaandikia watu wa Athens, mji wa Ugiriki, sheria karibu mwaka 621 kabla ya Kristo. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zamani, anasimulia kwamba aliyeiba mboga au matunda aliuawa sawa na muuaji. Drakoni alipoulizwa sababu, alisema makosa madogo yanastahili kifo, na kwa yale makubwa hakupata adhabu iliyozidi hiyo. Baadaye Solon, mtunga sheria mwingine wa Athens, alizifuta zote, akabakiza za mauaji tu.

Mimi sasa, kabla ya kuliandika, najiuliza nani anasema. Prefe, yaani mkuu wa shule, akimtoa mtoto kwenye mtihani, shati jeupe na kalamu mkononi, kwa sababu minervali, ile ada ya shule, imebaki dola kumi, mama anayemsubiri getini ana haki ya kusema "draconian". Prefe mwenyewe hatajiita hivyo hata siku moja. Atasema shule yake ni "strict". Kama ni masharti ya kubana, ya vipimo, mfano usafi wa maji au ubora wa dawa, "stringent" linakaa vizuri zaidi. "Severe" liachie adhabu, ugonjwa na ukame.

Ukilitamka, kaza sauti kwenye "ko". Usikaze mwisho kama Mfaransa.

Ile ripoti niliirudia usiku uleule, nikaweka "strict". Neno moja tu. Safari hii mfadhili hakuuliza kitu, na shefu naye akanirudishia salamu.