Makovu ya ndani ya tumbo, yale yanayoshikanisha utumbo baada ya kupasuliwa: nawajibu hapahapa, inbox imejaa

*Nina oparesheni 2 za uzazi, tumbo linanivuta upande mmoja. Kuna dawa ya kuyeyusha makovu ya ndani, nimeambiwa dozi 3. Ninywe? (Mama, Ujiji)*

Hapana. Hiyo hela nunua migebuka.

*Ultrasaundi haijaona kitu, kwa hiyo sina? (Kasulu)*

Kovu lenyewe kwa kawaida halionekani kwenye ultrasaundi wala eksirei, kinachoonekana ni utumbo ukishaziba na kuvimba. Acheni kuhama vituo mkirudia kipimo kilekile.

*Bibi anasema ni chango. (Mwanga)*

Chango huku kwetu ni kila kinachouma chini ya kitovu. Bibi hajakuona ndani.

*Nimeambiwa nifunguliwe tena makovu yakatwe, nikubali? (Uvinza)*

Kwanza muulize daktari, utumbo umeziba au naumwa tu? Maana kovu limeletwa na kisu, ukilikata kwa kisu, lingine linaweza kuota palepale, na wakati wa kubandua utumbo ulioshikana unaweza kutoboka, tundu lisipogundulika mezani unarudishwa siku chache baadaye ukiwa na usaha tumboni. Wengi waliopasuliwa tumbo wanayo hayo makovu na hawana habari nayo. Kwa maumivu peke yake mimi nisingekimbilia. Hata ukiziba, kama utumbo haujakosa damu, wanaanza na kukuzuia kula, dripu na mpira wa puani, na wengi wanafunguka bila kisu. Ikibidi kupasuliwa, ulizia ya matundu madogo kama ipo, makovu yake huwa machache.

*Shemeji ana siku 2 anatapika kijani, tumbo limejaa, hajambi wala choo hapati, alipasuliwa zamani. Tumempa mafuta ya nyonyo na kumpiga bomba la haja kubwa, tuongeze nini? (Kalya)*

Jamani swali hili nimechoka nalo! Msiongeze chochote, asile asinywe, mpelekeni hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hizi, sio kesho boti ikijaa. Niliwahi kumpokea kijana aliyeletwa kwa boti kalala juu ya magunia ya dagaa, nyumbani walikuwa wamemharisha siku nzima, alipofunguliwa utumbo ulikuwa mweusi kama ini bichi, ukakatwa kipande kirefu. Maumivu yaliyokuwa yanakuja na kuondoka yakikaa moja kwa moja na homa juu, hapo huenda damu haifiki tena kwenye utumbo.

*Nitashika mimba kweli? (Kibondo)*

Inategemea kama mirija ya uzazi imebanwa na hayo makovu. Na mume naye akapime, mbona hilo hamniulizi?