Zabibu Zimetoka Shamba Gani? Swali la Kubeba Uendapo Kuonja Mvinyo

Mizabibu unayoiona dirishani ukiwa kwenye chumba cha kuonjea inaweza isiwe na undugu wowote na kilichomo ndani ya glasi yako. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayeniomba ushauri kabla ya kwenda kuonja mvinyo. Wengi hutarajia niwafundishe kuzungusha glasi na kunusa. Hayo mtu huyaokota hapohapo kwa kumtazama aliyeketi jirani. Habari ya shamba usipoiuliza utaondoka bila kuisikia, maana mwenyeji ana mengi ya kusifia: mapipa, medali, babu aliyeanzisha kiwanda.

Kiwanda cha mvinyo na shamba la mizabibu ni vitu viwili. Kuna kiwanda kinachokamua zabibu zake tu, kuna kinachonunua zote kwa wakulima, na vingi viko katikati. Kununua si aibu hata kidogo. Mwaka 1976 huko Paris, Steven Spurrier, mfanyabiashara Mwingereza wa mvinyo, aliwaalika waonjaji wa Kifaransa waonje mvinyo bila kuona lebo, na kwa upande wa mvinyo mweupe nafasi ya kwanza ikaenda kwa Chateau Montelena ya California, Chardonnay (aina ya zabibu nyeupe) ya mwaka 1973. Kiwanda hicho kiko Calistoga, ndani ya bonde la Napa. Zabibu zenyewe, sehemu kubwa, zilitoka kaunti jirani ya Sonoma, na lebo haikuficha: iliandikwa Napa na Alexander Valley, bonde lililoko Sonoma. Aliyekwenda Calistoga baada ya ushindi ule akapiga picha mizabibu iliyozunguka jengo, alirudi na picha ya mizabibu mingine kabisa.

Kwa hiyo anza na lebo, na usome jina la mahali kabla ya jina la kampuni. Kwa kawaida eneo linalotajwa likiwa dogo, masharti huwa makali zaidi. Marekani inaonyesha vizuri. Likiandikwa jina la kaunti, asilimia 75 ya zabibu lazima ziwe za humo. Likiwa eneo rasmi la kilimo cha mizabibu, mfano Napa Valley, ni asilimia 85. Likitajwa shamba lenyewe kwa jina, ni asilimia 95. Maneno “Estate Bottled” yanabana kuliko yote, kwa sababu zabibu zote lazima zitoke kwenye mashamba ambayo kiwanda kinayamiliki au kuyasimamia, na kiwanda na mashamba viwe katika eneo rasmi moja. Australia wametosheka na asilimia 85 kwa jina la eneo. Afrika Kusini, wenye mfumo wao tangu 1973, hawana mzaha: ukitaja wilaya, zabibu zote ziwe za wilaya hiyo, na mvinyo unaouzwa kwa jina la shamba moja lazima utoke kwenye kipande kilichosajiliwa kisichozidi hekta 6.

Ulaya jina la mahali linalolindwa na sheria, kama Chablis ya Ufaransa au Barolo ya Italia, hudai zabibu zote zitoke ndani ya mipaka yake. Mipaka mingine ni ya zamani kweli; ya Douro huko Ureno ilichorwa mwaka 1756. Ndiyo maana chupa nyingi za huko hazijishughulishi kutaja aina ya zabibu. Ukishajua mahali, unatarajiwa uwe umeshajua na tunda.

Halafu kuna maneno ya kupamba. “Reserve” kwenye chupa ya Marekani haina maana yoyote kisheria. Kule Rioja, Hispania, “Reserva” ina maana, ila inahusu umri: mvinyo mwekundu ukae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, na usiopungua mmoja kati ya hiyo uwe ndani ya pipa la mwaloni. Kuhusu shamba haisemi kitu. Na picha ya mlima kwenye lebo ni picha ya mlima, basi.

Hata jina la shamba lina kikomo chake. Clos de Vougeot huko Burgundy, Ufaransa, ni shamba moja lililozungushiwa ukuta na watawa Wakatoliki wa shirika la Cistercian, hekta 50 hivi, na leo limegawanyika kwa wamiliki wapatao 80. Sehemu ya juu ina udongo mwembamba juu ya mawe ya chokaa, maji hupita upesi. Chini, karibu na barabara, kuna udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Wote huandika jina lilelile, na wote wana daraja la Grand Cru, la juu kabisa huko Burgundy. Kwa hiyo baada ya kuuliza shamba gani, mimi huuliza na upande gani wa shamba. Anayejua mvinyo wake hufurahi sana kuulizwa hivyo. Asiyejua hurudi kwenye habari za babu.

Sasa ukishapata jibu, ulitumie vipi mdomoni?

Anza na baridi na joto. Ukipanda kila mita 100, hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Malbec (aina ya zabibu nyekundu) ya Bonde la Uco huko Mendoza, Argentina, ambako mashamba mengi yako mita 1,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, haifanani na ile ya sehemu za chini za mkoa huohuo. Usiku wa baridi huhifadhi asidi ya zabibu, nawe utaihisi kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi ukishameza. Kwenye joto sukari hupanda na asidi hushuka, kilevi kinaongezeka, na koo linapata moto. Bahari nayo hupoza kama mlima. Carneros iko kusini mwa Napa na Calistoga iko kaskazini, lakini Carneros ndiko kwenye baridi, kwa sababu ya ukungu na upepo wa ghuba ya San Francisco. Ramani bila habari za upepo itakupoteza.

Mteremko nao uulize. Kwenye nchi za baridi zilizo kaskazini mwa ikweta, mkulima hutafuta mteremko unaotazama kusini ili apate jua; kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Kule Mosel, Ujerumani, mashamba ya Riesling, aina ya zabibu nyeupe, yamening'inia juu ya mto, na lile la Calmont karibu na kijiji cha Bremm hufikia digrii 65 mahali pengine. Trekta la kawaida halipiti hapo, ni miguu na mikono ya watu. Ukijua hivyo, bei ya chupa inaanza kueleweka.

Kuhusu udongo nitakuonya. Utaambiwa kwamba unaonja chokaa, au kwamba mvinyo “una ladha ya jiwe”. Mzizi haunyonyi ladha ya jiwe. Unanyonya maji yenye madini machache mno kiasi kwamba ulimi hauwezi kuyatambua. Mawe ya Chablis yamejaa masalia ya chaza wadogo wa kale, na ni kweli wengi hunusa ufukwe kwenye mvinyo wake, ila chaza wale hawakuingia kwenye chupa. Kazi ya udongo ni kuamua maji yanakaa muda gani miguuni mwa mzabibu, na joto la mchana linahifadhiwa au linapotea. Hayo ni makubwa ya kutosha, hayahitaji kuongezewa hadithi.

Majirani wa shamba, ambao hawaulizwi na mtu, wana mchango wa moja kwa moja zaidi. Siku moja nilionja Shiraz, mvinyo mwekundu, yenye harufu kali ya mnanaa, nikadhani imetoka kwenye mbao za pipa. Dada aliyekuwa akitumiminia akacheka, akanitoa nje hadi ukingoni mwa shamba. Safu za mwisho za mizabibu zilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa mikaratusi, na majani yake makavu yalikuwa yametapakaa hadi chini ya mashina. Nikachukua jani, nikalifikicha, nikanusa vidole, kisha nikanusa glasi niliyokuwa nayo mkononi. Harufu ni ileile. Watafiti wa mvinyo wa Australia wamelipima jambo hili: mafuta ya mikaratusi hutua kwenye ganda la zabibu, na safu zilizo karibu na miti huwa nayo mengi kuliko zilizo mbali. Majani yanayodondokea kwenye makreti wakati wa kuvuna huzidisha.

Harufu ya pilipili manga kwenye Shiraz nayo ni habari ya mahali. Inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, iliyotambuliwa kwenye zabibu hizo mwaka 2008, na huwa nyingi zaidi zabibu zikiiva kwenye ubaridi. Lakini katika utafiti huohuo, kama mtu mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa kabisa. Kwa hiyo mwenzako akisifia pilipili nawe husikii kitu, usijilazimishe kutikisa kichwa.

Ushauri ninaouthamini kuliko yote ni huu: omba glasi mbili kwa pamoja, aina moja ya zabibu, mwaka mmoja wa mavuno, mtengenezaji mmoja, mashamba mawili tofauti. Ukionja Chardonnay kisha Merlot, umejifunza tofauti ya matunda. Ukionja Chardonnay mbili za watu wawili, hujui kama ni shamba au ni pipa. Ni pale vingine vyote vinapolingana ndipo mahali panaposikika. Viwanda vingi vina chupa za namna hiyo hata kama hazimo kwenye orodha ya siku, omba tu kwa adabu. Nusa zote mbili kabla ya kuonja hata moja, na uteme. Kinywa kikishalewa, mashamba yote yanakuwa mamoja.

Kwenye daftari andika jina la shamba na upande wake, na jina la kiwanda lifuate baadaye. Mashamba yanayosifika huuza zabibu kwa watengenezaji wengi. Beckstoffer To Kalon ya Napa, kwa mfano, utaiona kwenye lebo za viwanda kadhaa. Ukikuta jina ulilolipenda kwenye chupa ya mtengenezaji mwingine, chukua hiyo pamoja na ile unayoijua, za mwaka mmoja, uzifungue jioni moja. Hapo utaanza kuona kipi kilikuwa cha shamba na kipi kilikuwa cha mtengenezaji.