Nikiuliza swali zima PubMed sipati kitu, nikilifupisha nafurika

SWALI: Mkutubi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naandaa tasnifu ya uzamili: je, kuwabeba watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kunapunguza vifo? Nikiandika swali lote kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba, napata makala chache mno. Nikipunguza maneno, zinakuja maelfu zisizohusiana. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Unaiuliza PubMed kama unavyomuuliza mtu, nayo inalinganisha maneno tu. Kila neno unaloongeza ni sharti jipya, na makala nzuri iliyotumia neno jingine inaweza kubaki nje.

Swali lako lina dhana tatu: njiti, kubebwa kifuani na vifo. Tafuta kwa mbili za kwanza, vifo viache. Najua inashangaza, maana ndicho unachokitafuta. Lakini muhtasari wa makala mara nyingi hutaja matokeo makuu tu, na idadi ya waliofariki ikabaki kwenye jedwali ndani, ambako PubMed haitafuti. Ukilazimisha "mortality" utazikosa hizo hizo unazozihitaji.

Kila dhana itafute kwa njia mbili. Kwanza MeSH, msamiati ambao Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imekuwa ikiutumia tangu 1960 kuainisha makala. Mada yako imo: "Kangaroo-Mother Care Method". Njiti wako chini ya "Infant, Premature", na ukikitumia kichwa hicho wanaingia hata waliozaliwa mapema kupindukia. Pili, maneno ya waandishi wenyewe, kwa sababu PubMed ina makala nyingi zisizopewa MeSH kabisa: "skin-to-skin", "kangaroo care", "preterm", "low birth weight". Visawe viunganishe kwa OR (lolote kati ya hayo), dhana kwa AND (zote ziwepo), na viunganishi hivyo viandike kwa herufi kubwa.

Sasa mabano, na nadhani hapa ndipo ulipoumia. PubMed husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika kangaroo AND preterm OR premature, itaoanisha mawili ya mwanzo, kisha itakumwagia kila makala yenye "premature": mapigo ya moyo yanayowahi, kukoma hedhi mapema, vyote. Yafunge preterm OR premature ndani ya mabano na mafuriko yatapungua papo hapo.

Nakusihi pia usibofye kichujio cha "Humans". Kinategemea MeSH, kwa hiyo makala isiyo na MeSH inafutwa kimyakimya hata kama ni ya watoto watupu.

Kabla hujaanza kusoma, jaribu utafutaji wako kwa makala tano unazozijua tayari. Ikikosekana hata moja, ifungue uone mwandishi alitumia neno gani. Juzi nilikaa na mtafiti ambaye makala yake muhimu iligoma kuonekana. Kumbe walioiandika walisema "small babies" mwanzo hadi mwisho. Tuliliongeza, ikaja, ikaleta na nyingine mbili.

PubMed peke yake haitoshi. Rudia utafutaji kwenye kanzidata nyingine: Cochrane Library, na Embase kama chuo chako kinailipia. Embase ina msamiati wake, usiihamishie MeSH kama ilivyo. Kila mara nakili mstari mzima uliotafutia, tarehe na idadi ya makala siku hiyo hiyo. Ukikwama, niletee mstari huo wenyewe kama ulivyouandika, nikuangalizie mabano.