Umestaafu na una gari la kulala? Anzia Kaloleni, kisha uteremke pwani

Wenzetu mliostaafu, na nyinyi mnaohesabu miezi mfike 60, mnaniuliza sana habari za betri, friji na godoro. Nitayafikia. Ila mimi na mzee wangu, yeye mstaafu wa bandarini nami wa ualimu, tunashika kanuni moja kabla ya vifaa vyote: saa kumi alasiri gari liwe limeshasimama pale litakapolala. Hata kama mji unaoutaka umebaki mwendo wa nusu saa, simama.

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi giza likiingia haina mchezo. Kuna bodaboda bila taa, matatu zinazopakia zilipo, watembea kwa miguu walio ukingoni kabisa mwa lami, na macho ya umri wetu hayapendi mwanga wa magari yanayokuja. Lakini kwangu mimi kubwa zaidi ni adabu. Anayebisha hodi mchana hupokewa kama mgeni. Anayeingia uani mwa watu saa mbili usiku na taa zinawaka huwatia hofu. Mchana mwenye boma anakuona sura, anakuuliza kwenu wapi, mnaelewana bei kabla hamjashusha viti, anakuonyesha choo na maji yalipo. Watoto wanakuja kuchungulia kitanda, wanakimbia kuhadithia, na kabla ya magharibi kijiji kizima kinajua kuwa gari lile ni la wageni wa fulani. Mkilala hapo mmelala salama kuliko ukiwa na kufuli kumi ufuoni peke yako.

Boma la mtu ndilo tunalolipenda. Likikosekana, omba kiwanja cha kanisa, ua wa kituo cha mafuta kinachokesha, au kambi ya kulipia. Msikitini utapata maji na mahali pa kupumzika mchana. Penye mzee wa mtaa, mjulishe. Huchukua dakika chache na humpa heshima yake.

Sasa safari yenyewe. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 tu, na anayeanza hutamani kuzimaliza siku moja apige picha amefika. Ushauri wangu ni kuacha kwanza njia ya Nyali na Mtwapa. Tokeni kwa Makupa, shikeni barabara ya Nairobi hadi Mazeras, ingieni Rabai, rudini barabara kuu hadi Mariakani, halafu kunjeni kulia kwenda Kaloleni. Mkitoka Kaloleni lami inateremka hadi Mavueni, na hapo Kilifi mmeshaifikia. Jazeni tangi kabla hamjatoka Mombasa, kwa kuwa bei ya mafuta hapa huwa chini kuliko bara.

Rabai inatosha kwa asubuhi moja. Ndiko mmisionari Krapf alikoanzisha kituo chake cha misheni mwaka 1846, na makumbusho yapo. Juu ya vilima hivyo kuna kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo baadhi yake iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kaya haiingiwi kiholela. Wazee wake ndio wa kuombwa, na wakisema leo hapana, ni hapana.

Ninawapeleka wanaoanza Kaloleni kwa sababu vilima vile vina upepo, na usiku wa kwanza ndani ya gari unahitaji upepo. Ninawapeleka pia kwa ajili ya minazi. Wenzetu wa nchi nyingine wana mashamba yao ya zabibu, wazee wao huzunguka na magari ya kulala wakionja divai. Sisi tuna nchi ya tembo la mnazi, na kazi ya mgema ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Mgema tuliyelala kwake alipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, kibuyu begani. Karara la mnazi, ala inayofunika maua, hufungwa kamba lisichanue, ncha yake hukatwa kipande chembamba sana, na utomvu unadondoka kibuyuni tone kwa tone. Asubuhi anapanda, jioni anapanda tena, kila mara anakata kidogo ili jeraha lisizibe. Ukimtazama mtu wa makamo akifanya hivyo mnazi baada ya mnazi, hutamsumbua kwa bei.

Huyo huyo ndiye aliyetufundisha kuegesha. Tulikuwa tumepata kivuli kizuri, akatoka uani akiita: "Mama, mwambie mzee asogeze gari. Huu haugemwi, huu una nazi." Mnazi unaogemwa hauzai, maana makarara yake ndiyo yanayokatwa. Usiogemwa uko na nazi juu, na nazi haichagui paa la nani. Kuti kavu nalo ni zito. Kwa hiyo kabla ya kuzima injini, inua macho.

Sisi hatunywi, dini yetu hairuhusu, wala hakuna aliyetushurutisha. Tulikaribishwa kwa madafu. Nyinyi mnaokunywa, jueni kwamba tembo lililoteremshwa sasa hivi ni tamu, na joto letu hulichachua kwa saa chache tu. La jana ni kali, na likiachwa zaidi huwa siki. Anywe aliyekwisha kuegesha kwa ajili ya usiku, na ufunguo akae nao mwenzake hadi kesho. Mkialikwa kwenye mangwe, yaani mahali pa kunywea tembo, nendeni mkaketi hata kama hamwonji. Mkikuta posa au harusi ya Wagiriama mtasikia kadzama, tembo linalotolewa kwa wakwe, ikitajwa; hapo tembo ni sehemu ya heshima kati ya ukoo na ukoo, na mgeni hukaa akafuata wenyeji wanavyoenda.

Kilifi sisi tunaipenda ya asubuhi. Tuliozoea kuvuka kwa feri kabla ya daraja la 1991 kila tukipita juu tunatazama chini kwenye maji. Nunueni korosho, tembeleeni magofu ya Mnarani, endeleeni. Gede msiikose: mji wa mawe ndani ya msitu, ulioingizwa UNESCO mwaka 2024. Ingieni mapema, jua likiwa dogo na magoti yakiwa na nguvu, maana kuna kutembea. Hapo jirani ni Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa wa pwani wa Afrika Mashariki, na hori ya Mida yenye mikoko. Watamu ni ghali zaidi. Tunapita mchana, tunalala nje yake.

Pwani ndipo wanaoanza hudanganyika. Kila mtu anataka kuamka mlango ukitazama bahari, basi hulishusha gari mchangani. Msifanye hivyo. Mchanga hunasa magurudumu, chumvi hula chuma kutoka chini, na maji ya kwetu yanatembea. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3, na kujaa kwake huja karibu na alfajiri, wakati usingizi umekolea, kisha alasiri. Mtu aliyefika jioni maji yakiwa yamepwa huona uwanja mpana mkavu, anashukuru Mungu, anatandika. Ukifika ile saa kumi ninayoisema, siku za bamvua utaona kwa macho yako maji yanakofika. Siku nyingine tafuta mstari wa mwani mkavu juu ya ufuo, uache nyuma yako, kisha uulize wavuvi. Na kila ukitoka pwani, osha gari chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Upepo nao una kwao. Wakati wa kusi, tangu Aprili hivi hadi Septemba, elekeza mlango wa pembeni kusini. Kaskazi ikianza, Desemba hadi Machi, ugeuze gari. Hili ni bure na linashinda feni. Mwezi ninaowashauri wanaoanza ni Julai: mvua za masika zimekwisha, usiku una baridi ya kujifunika shuka. Februari na Machi gari la bati ni tanuri, waachieni vijana. Madirishani wekeni wavu wa chuma wa kuzuia mbu na juu ya kitanda chandarua. Malaria Kilifi haijaondoka.

Vifaa, kwa kifupi. Letu ni Hiace iliyokuwa matatu, fundi seremala akatia kitanda na makabati ya mbao nyepesi. Mbao nzito zinakula mafuta na breki. Paa litiwe kitu cha kuzuia joto kabla ya dari. Fedha ikiwa chache, anza na hilo. Betri moja nzuri na paneli ya sola vinatosha taa, simu, feni ndogo na friji ndogo. Friji hiyo ni ya dawa kwanza, samaki baadaye: insulini ya akiba hutaka nyuzi 2 hadi 8. Maji, mitungi mitatu ya lita 20, ya kunywa iwe peke yake. Ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, ogeeni.

Kuhusu moto sitasema kwa kifupi. Pikeni nje, daima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, ndiyo maana kabati la mtungi lazima liwe na tundu la chini linalotokea nje ya gari. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata likionekana limezimika, hata kama mvua inapiga. Hewa yake haina harufu na huua watu waliolala.

Karatasi: ukibadilisha gari la abiria kuwa la kulala, hati zake kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima yake vilingane na matumizi mapya. Bima ya matatu haitakusaidia ukiwa na kitanda ndani. Bebeni orodha ya dawa zenu kwa maandishi makubwa, na kadi ya kliniki.

Jambo la wawili wenyewe huulizwa kwa kunong'ona. Miaka 30 mmoja alikuwa kazini mchana kutwa, sasa mnagongana viwiko kwenye chumba cha kitanda kimoja. Sisi tumegawana: yeye gari na maji, mimi chakula na mazungumzo ya kuomba mahali. Na saa moja kila siku kila mtu yuko zake, yeye na wavuvi, mimi na kitabu. Ombeni nafasi hiyo bila kuoneana vibaya.

Kuhusu kuendelea mbele, Malindi ikiisha sisi tunavuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, tunageuza. Njia ya Lamu kupitia Garsen ina vizuizi vya usalama, na si ya kulala kando ya barabara. Mkitaka Lamu, acheni gari nyumbani mpande basi hadi Mokowe, kisha boti. Mji wa kale ule vichochoro vyake ni vya miguu na punda, gari lenu lingebaki Mokowe hata hivyo.