Kabla hujawasha eksirei, ujue ufa unaoutafuta

Wadogo zangu wa Kigoma mnaokwenda kusomea uhandisi, likizo hii mmeniuliza sana inakuwaje napiga eksirei kitu ambacho si mwili wa mtu, yaani mabamba ya nyuzi za kaboni. Nitawaeleza yale yaliyonigharimu.

Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikroni 5 hadi 7, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wako unaweza kuuzidi mara kumi. Nyuzi hizo hushikamanishwa kwa gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, kisha bamba zima huivishwa kwa joto na mgandamizo. Karibu nusu ya uzito wa ndege ya Boeing 787, kama zile za Air Tanzania, ni mabamba ya namna hiyo. Taabu yake ni kwamba kaboni ni nyepesi, na gundi nayo imejaa kaboni. Miale hupenya kote karibu sawasawa, picha ikatoka kama ukungu wa alfajiri ziwani. Msikimbilie kuongeza nguvu. Punguzeni volti za mashine, mpige kwa muda mrefu zaidi.

Halafu nendeni Kibirizi mkamtazame fundi mashua akichagua ubao. Anauinua, anaweka jicho kwenye ukingo wake. Tabaka zilizoachana, zikilala kifudifudi mbele ya miale, hamtaziona, zigeuzeni ubavu. Ndiyo maana napenda mashine inayozungusha sampuli na kupiga mamia ya picha, kama sitiskani ya hospitali. Ila sampuli ikazwe! Yangu ya kwanza, ndogo kama njiti ya kiberiti, niliibandika kwa gundi mbichi. Ikasogea kidogo tu, kazi ya siku nzima ikaharibika.

Wakati fulani kila bamba letu lilionyesha viputo vya hewa katikati ya tabaka. Mimi nikataka picha zaidi. Mzee mmoja wa karakana akaniuliza, "Mwanangu, kitambaa mnakifungua kikiwa bado cha baridi?" Kitambaa cha nyuzi za kaboni chenye gundi tayari, ambacho ndicho hupangwa kuwa bamba, hutunzwa kwenye friza, kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Tulikuwa tunafungua mfuko papo hapo, kikatoka jasho kama chupa ya soda, na ndani ya oveni unyevu ule ukawa mvuke.

Tukaanza kuuacha mfuko umefungwa mpaka kitambaa kipate joto la chumba. Bamba lililofuata nililipiga mwenyewe, nikalipekua picha kwa picha hadi usiku. Katikati palikuwa safi. Vilibaki viputo vichache pembeni, pale ulipolegea mfuko wa vakumu, ule unaofunika bamba na kunyonywa hewa, na kesho yake tukaanzia hapo.